Mlango Namba Kumi na Saba

Kando ya kibanda cha kinyozi kuna kijiwe ambacho hakijawahi kukosa kahawa wala ubishi. Wenyewe ni watatu: Redio, ndiye kinyozi, mdomo wake haujui kuzimwa, Breki, dereva mstaafu wa lori, mzito wa kila kitu isipokuwa kuongezewa kahawa, na Msumeno, seremala, ambaye milango yake mizuri imejaa mtaa mzima isipokuwa kwake. Kwake mlango umeoza chini, mvua inaingia bila hodi, na mkewe amechoka kudeki. Sababu ni namba. Wapimaji wa kampuni ya chuma, walipokuwa wakichoronga shimo kilimani kupima madini, waliandika namba nyekundu kwenye nyumba ambazo zingehamishwa mgodi ukianza. Kwa wengine waliandika ukutani. Kwa Msumeno waliandika mlangoni, kumi na saba, na tangu hapo hakuugusa, asije akaipoteza nafasi yake ya kupewa nyumba mpya. Kampuni ikafunga virago, mlango ukaendelea kuoza.

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye swali lao la kila siku: kampuni iliondoka kwa nini?

— Bei ya chuma ilishuka, alisema Redio. Dunia nzima hawakitaki.

— Bei gani wewe? Chuma cha kile kilima ni kikali, kinavuta kama sumaku. Lori zao zilikuwa zinapanda bila gia, alisema Breki. Kushuka ndiyo ilikuwa kazi.

Redio hakuwa tayari kuzidiwa uongo mlangoni pa kibanda chake. Akasema kampuni haijaondoka hata kidogo, inachimba kimyakimya kutokea upande wa pili, ndiyo maana maji ya kisima siku hizi yana ladha ya misumari. Breki akasema kama ni hivyo basi sasa hivi wapo chini yetu wanasikiliza, na wote watatu wakajikuta wameshusha sauti.

— Watarudi, alinong'ona Msumeno. Shimo waliliziba kwa kifuniko cha zege. Mtu hafuniki sufuria aliyokwisha kuimaliza.

Hapo akatokea binti mmoja, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi, ameshika kitasa chenye kutu.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Namtafuta fundi wa milango. Nimetoka kwake sasa hivi, nimegusa mlango, kitasa kimebaki mkononi. Mama wa pale kasema nije nacho huku.

Breki alicheka mpaka kahawa ikampalia. Msumeno alikipokea kitasa, aibu imemjaa, akamweleza binti habari ya namba tangu mwanzo, wenzake wakimsaidia palipohitaji chumvi. Binti alisikiliza yote, kisha akauliza kwa upole:

— Sasa baba, nani aliwaambia mlango usibadilishwe?

Msumeno alimtafuta huyo mtu kichwani. Hakuwa mpimaji, yeye alipaka rangi, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaenda zake. Hakuwa mkewe, maana mkewe alisema kinyume chake kila mvua iliponyesha. Msumeno alimaliza kuwahesabu watu wote, akabaki yeye peke yake.

Aliinuka, akaacha kahawa nusu kikombe.

Mbao ngumu alikuwa nazo, alizitunza kwa ajili ya nyumba ambayo wangehamishiwa. Alitengeneza mlango mzuri ambao hajawahi kumtengenezea mteja yeyote. Mkewe aliufungua na kuufunga mara kadhaa bila kwenda popote, akiimba, na Msumeno aliona raha kuliko alivyotarajia. Ule wa zamani aliukata sehemu iliyooza, akautia miguu, akaupeleka kijiweni kuwa benchi, namba juu. Breki akaikalia kumi, Redio saba, kahawa ikamiminwa.

— Na wakirudi je? aliuliza Redio.

— Watanikuta ndani, alisema Msumeno. Watabisha hodi kama watu wengine.