Uji wa Watoto na Kitanzi cha Serikali

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la nyama. Mguu wake mmoja ulishakatika, tukauwekea tofali, na anayekaa upande huo asijitikise ovyo. Upande mmoja pana cherehani yangu, maana mimi nashona mabegi, hasa ya shule: mikanda iliyong'oka, vitako vilivyotoboka, zipu zilizokufa. Kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa sababu sisemi sana, wakaniita Zipu. Upande wa pili pana Shangazi na jiko lake la mkaa na birika la kahawa; huyo ni shangazi wa wote, hata wa wanaomzidi umri. Watu wanaanza kukaa alasiri, kivuli cha ukuta kikifika barabarani, na maneno yanayomwagwa pale yangekuwa unga, mtaa mzima ungekula mpaka mwakani.

Wasiokosa ni wawili. Wa kwanza ni Kilo, mwenye duka la nyama, mtu mnene na mpole, ingawa mizani yake haijawahi kumpunja mwenyewe hata siku moja. Wa pili ni Wakili. Usidhani amesomea sheria. Aliuza soda nje ya mahakama miaka mingi, akisikiliza kesi dirishani, akatoka pale na maneno makubwa na methali tele, asijue ipi inakwenda wapi.

Na mimi nina yangu, afadhali niyaseme mapema. Mwanangu wa pekee yuko gerezani, amehukumiwa kunyongwa. Sisemi alisingiziwa. Aliua mtu, mlinzi wa ghala, baba wa watu, na siku ya hukumu nilimwona mjane wake upande wa pili wa chumba nikashindwa kumtazama. Mke wangu hakuumaliza mwaka. Nikauza vitu, nikahamia mtaa huu ambako hakuna anayenijua, nikapanga chumba kimoja. Asubuhi naamka sina wa kumwambia umeamkaje. Jioni napika kwenye sufuria ndogo, nakula nusu, nusu inalala. Mimi ni mpweke, sina haja ya kuzunguka. Ndiyo maana nalipenda lile benchi pamoja na upuuzi wake wote. Pale naitwa, hata kama naitwa Zipu, na hakuna anayeniuliza habari za nyumbani.

Sasa siku hiyo likapita gari la matangazo. Kesho, likasema, kamati ya kukusanya maoni itakaa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, kuanzia asubuhi. Mambo ni mawili: sheria ya chakula cha mchana mashuleni, na sheria ya adhabu ya kifo, ibaki au iondolewe. Nani aliyeyafunga mambo hayo mzigo mmoja, mimi sijui. Labda waliona ukumbi ni ule ule na viti ni vile vile. Kila kikundi kitoe msemaji mmoja.

Wakili akaweka kikombe chini kama mtu aliyeitwa kazini.

— Na sisi ni kikundi, akasema. Tukubaliane leo, kesho tusije tukaaibishana mbele za watu.

Wakaanza na chakula. Hapo hapakuwa na ugomvi mkubwa, wote walitaka watoto wale. Ugomvi ulikuwa wale nini. Kilo akashikilia nyama, na akatoa ushahidi wake.

— Kusoma unaweza kwa uji. Hesabu inataka nyama.

— Nyama ya wapi? Shangazi akamuuliza.

— Ya popote. Ila duka la karibu na shule ndilo hili.

Wakili yeye akataka watoto wapewe chakula jioni wakati wa kutoka, wasije wakashiba mchana wakatoroka, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuna aliyeuliza mgema amefikaje shuleni. Tumeshamzoea. Akaendelea kwamba mtunza stoo atakayeiba unga wa shule akamatwe, na dereva aliyeuleta akamatwe, na mwalimu mkuu aliyenyamaza, na jirani wa mwalimu mkuu, na wote wanyongwe. Kufika hapo nchi nzima ilikuwa imebaki na watoto peke yao wanakula.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye kamba.

Kilo alikuwa na sababu yake. Ndugu yake alichomwa kisu dukani humo humo, na aliyemchoma hajapatikana mpaka leo. Akifika kwenye habari hiyo sauti yake inashuka, na mimi simlaumu; ningekuwa yeye ningetaka anachotaka.

— Ibaki, akasema. Aliyeua naye afe. Sina zaidi.

Wakili alikuwa nazo zaidi, tena nyingi. Akasema ubaya wa serikali ni uvivu: mtu anahukumiwa leo, anakaa gerezani miaka na miaka anakula vya bure, na wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi akamwambia huyo hapewi jembe, anapewa kaburi. Wakili akasema ni mulemule, yote yanahusu kuchimba. Halafu akasema wasinyongwe kwa mkupuo, ila mmoja mmoja kila wiki, haba na haba hujaza kibaba. Kilo akacheka mpaka benchi likasogea kwenye tofali lake.

Mimi nilikuwa nimetunga uzi kwenye sindano. Nikauchomoa, nikautunga tena.

Wakati huo alifika mtu mmoja ambaye hatukumjua, kavaa ovaroli yenye chokaa, mkononi kashika begi la mtoto wa kike lenye zipu iliyokwama. Akasalimia, akaniuliza kama linashoneka, nikamwambia akae angoje. Akakaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, Shangazi akamtilia kahawa.

Shangazi hapo alikuwa ameshakasirika kidogo. Akaja na lake, kwamba kama ni hivyo basi waliohukumiwa wasinyongwe, wapelekwe mashuleni wakapike. Mtu anayekoroga uji wa watoto mia nne tangu alfajiri atapata wapi nafasi ya kuua?

— Wewe unaweza kula chakula kilichopikwa na muuaji? Kilo akamuuliza.

— Nyama yako naila kila wiki, na wewe unachinja.

— Ng'ombe si mtu.

— Hujamuuliza ng'ombe.

Hata yule mgeni alitabasamu. Mimi pia nilicheka, nakiri, kwa sababu mtu ukizoea kukaa na watu unacheka wanapocheka. Lakini Wakili hakupenda kushindwa na mwuza kahawa, akarudi kwenye uvivu wa serikali. Hukumu ikitoka jioni, akasema, asubuhi kamba iwe tayari.

— Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Methali hiyo haikuwa yake pale, kama kawaida yake. Nadhani hata yeye hakuisikiliza. Mimi niliisikia yote, neno kwa neno, na mikono ikaacha kushona.

Basi likaja la msemaji. Kilo hawezi kuacha duka. Shangazi kesho atapeleka birika huko huko ukumbini, siku ya biashara hiyo. Wakili mwenyewe alitaka kwenda, inaonekana usoni, ila Kilo akamwambia atanyang'anywa kipaza sauti kabla hajamaliza salamu. Wakili akaumia, kisha akajifanya mkubwa.

— Aende Zipu. Yeye hana maneno ya kwake, atasema ya kwetu tu.

Wakakubali papo hapo. Wakanigeukia wote, na Wakili akanitaka nijaribu pale pale wanisikie. Akanipa na maneno yenyewe, polepole, kama anayemfundisha mtoto shairi: sisi wa benchi la duka la nyama tunaomba watoto wale, na wauaji wanyongwe bila kucheleweshwa.

— Sisi wa benchi la duka la nyama, nikasema, tunaomba watoto wale.

Nikakwama. Walidhani nimesahau. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Nikikataa, wataniuliza kwa nini, na nikiwajibu, benchi basi tena. Nikisema, nitakuwa nimesimama mbele ya kamati nikaomba mwanangu anyongwe upesi, halafu Jumamosi niende nikamtazame kwenye wavu wa gereza aniulize, kama anavyoniuliza kila mara, baba unakula? Na bado nilikuwa karibu kusema. Ndiyo, nilikuwa karibu. Nilishakifikiria kile chumba changu, na jioni ndefu bila sauti ya mtu, nikafungua mdomo.

Wakili hakuningoja. Aliona nimekosa sababu ya kushikia, akanipa.

— Kamati wakikuuliza hayo mawili yanahusianaje, waambie hivi. Muuaji ni mtoto aliyekwenda shule na njaa. Wote niliowaona pale kizimbani walikuwa hao. Mama kalala, mtoto katoka bila kitu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kweli mama wa namna hiyo naye angefungwa.

— Alikula, nikasema.

— Nani?

— Mwanangu. Alikula. Mama yake aliamka giza kila siku ya shule, akampikia, akamtilia kwenye kibakuli chenye mfuniko, akakifunga na kitambaa kisimwagikie madaftari. Hakutoka na njaa hata siku moja. Na aliua vile vile. Sema yote unayotaka, Wakili, ila mke wangu usimguse.

Sauti ilinitoka kubwa, sikujua kama bado ninayo. Wakili alinitazama kana kwamba cherehani ndiyo iliyozungumza.

— Zipu, mwanao yuko wapi?

— Gerezani. Anangoja hiyo kamba.

Basi. Likawa limetoka, halirudi. Shangazi akashika kitambaa cha birika asikitumie. Kilo alinyanyuka taratibu, akasimama mbele yangu na ile mikono yake mikubwa, akanitazama. Nilijua ananitazama mimi na kumwona aliyemchoma ndugu yake, na sikuwa na la kumsaidia. Nilitaka kumwambia kwamba namwelewa, lakini neno hilo kutoka kwangu lingemfaa nini?

— Kesho nitakwenda mimi, Wakili akasema, akivaa viatu vyake. Nitasema la uji tu.

— Utasema yote mawili, Kilo akasema. Tulishakubaliana.

Hakupaza sauti. Akaingia dukani, akavuta mlango, na bado nyama ilikuwa haijaisha kwenye ndoano. Wakili alisimama kidogo kati ya mlango ule na cherehani yangu, anatafuta methali, nadhani, asiipate. Akaniambia pole, akaenda zake, akaacha kahawa yake nusu kikombe. Shangazi akanitilia yangu bila kuniuliza, kisha akageuka akawa anapepea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Akabaki yule mgeni. Sijui alikuwa ameelewa kiasi gani. Huenda yote, huenda hakusikiliza, maana mtu aliyechoka na kazi ya chokaa ana yake kichwani. Nikalichukua begi lake nimalize aende. Ndani mlikuwa na kibakuli cha plastiki, kizito, hakijafunguliwa. Aliponiona nakiweka pembeni, akasogea upande wangu wa benchi.

— Huyu wangu hali, akasema. Kila siku anakirudisha kama kilivyokwenda. Mama yake amejaribu mayai, amejaribu viazi, amechoka. Wako ulisema alikuwa anakula. Alikuwa anapenda nini?

Nilifungua mdomo kumjibu, maana lilikuwa swali dogo. Nikaona sina jibu. Nikamtazama Shangazi, kana kwamba yeye angejua. Siku zile nilikuwa natoka nyumbani kwenda kazini wakati mke wangu anawasha jiko, na nikirudi nakikuta kibakuli kimeoshwa kimefunikwa, kitambaa kimekunjwa juu yake. Kilichokuwa ndani walikijua wao wawili. Polisi waliniuliza mengi kuhusu mtoto yule. Mawakili wa kweli waliniuliza, na jaji: alikuwa na marafiki gani, alilala wapi, alikuwa na hasira? Nikajibu yote. Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza.

— Sijui, nikamwambia. Mama yake ndiye aliyejua, na ameshafariki.

— Si mwenyewe yupo?

— Yupo.

— Basi muulize.

Nikakibana kichwa cha zipu kwa koleo, nikaivuta huku na huku mpaka ikafunga. Nikamrudishia begi lake na kibakuli ndani. Nikamwambia siku ya kumwona ni Jumamosi, na kama itamkuta hai nitamuuliza, yeye apite Jumatatu nimpe jibu.

Akasema atapita.