Haki ya Kukataa Kazi ya Hatari

Kijiwe chetu huku ughaibuni ni benchi lililo nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine, mtaa wa Flemingdon Park, kando ya kituo cha basi. Jumamosi Alnasir huja kutoka Unionville na chupa ya kahawa ya tangawizi, sisi tunaleta midomo. Yupo Polycarp, tuliyembandika jina Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, na Mutuma, ambaye leo kamleta shemeji yake, Chepngetich, afisa wa usalama katika kiwanda cha vyuma Athi River. Amemaliza kozi ya maofisa kutoka nchi zinazoendelea na kesho anarudi. Kahawa hajaigusa.

— Shem, mbona umenuna? — Mutuma akamuuliza. — Si umepata cheti?

— Nimepata. Wametufundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kukataa kazi ya hatari. Jumatano natakiwa niwafundishe wetu.

— Si uwafundishe tu!

— Kwetu vibarua huchaguliwa getini kila asubuhi. Atakayekataa kusogelea tanuri bila glavu leo, kesho hachaguliwi. Ana watoto. Na mimi ndiye nitakuwa nimemponza.

Hapo kijiwe kikachangamka, maana shida ya mtu mwingine ndiyo tunayoiweza.

— Rahisi, — akasema Alnasir. — Wakatae wote kwa pamoja.

— Wacha hizo, — Mutuma akamkata. — Nje ya geti si kuna wengine kibao wanangoja? Mimi naona aajiriwe msee mmoja, kazi yake kukataa. Asubuhi anakataa, jioni analipwa.

Profesa akakohoa kidogo.

— Huyo mkataaji awe mzungu. Atoke huku na helmeti yake na koti la kung'aa. Mzungu akikataa, meneja atazima tanuri na kuagiza chai.

— Na siku akiugua? — Alnasir akauliza.

— Watundike picha yake getini.

Tulicheka mpaka mama mmoja akachungulia kutoka dobini. Chepngetich hakucheka, na kusema kweli nilimhurumia.

— Ninyi mko huku, sheria inawalinda, — akasema. — Nani kati yenu amewahi kukataa?

Alnasir akasema yeye ana duka lake, asihesabiwe. Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Mimi nikatazama basi lililokuwa likipita.

Simu ya Mutuma ikalia. Ni wakala wake wa kazi: kesho anahitajika kwenye ghala lile lenye foklifti ya kunyanyulia mizigo yenye breki mbovu, aliyotulalamikia wiki nzima. Mutuma akasimama wima, akashukuru kwa Kiingereza chake kizuri, akasema atafika mapema.