Kasuku wa Koti la Kijivu

JOËL: Haloo? Haloo! Ni nani huyu anapumua tu bila kusema?

MAMA DIEUDONNÉE: Ni mimi, mama yako. Nilikuwa natafuta upande wa kusemea. Simu ni ya Darlène, jirani.

JOËL: Mama! Jambo, mama. Kasongo munaamuka?

MAMA DIEUDONNÉE: Tunaamuka. Huko Salamabila je?

JOËL: Salama kidogo —

MAMA DIEUDONNÉE: Na Esther-Divine?

JOËL: Mjukuu wako iko hapa. Bruno wa pikipiki amefika asubuhi na mzigo wako —

MAMA DIEUDONNÉE: Amefika! Ile nguo ya kasuku niliyomushonea mutoto haikulowa? Huku mvua ilipiga!

JOËL: Haikulowa. Aliifunga ndani ya koti lake la mvua. Yeye ndiye alilowa mpaka mifupa.

MAMA DIEUDONNÉE: Ee, Bruno! Mungu amubariki. Nitamushonea kofia. Basi sema. Kasuku anafanana na kasuku?

JOËL: Kasuku kamili, mama. Mabawa, mdomo mweusi, mukia mwekundu... Mukia si kile kitambaa chako cha kichwa, cha korali, cha kuimbia kanisani?

MAMA DIEUDONNÉE: Kilikuwa kimechoka.

JOËL: Kinang'aa, mama.

MAMA DIEUDONNÉE: Kilikuwa kimechoka kukaa. Na mwili je?

JOËL: Mwili nimeutambua. Ni koti ya marehemu papa, bwana yako, ile ya kijivu.

MAMA DIEUDONNÉE: Nondo walikuwa wanaila ndani ya sanduku. Afadhali mjukuu wake aruke nayo. Yeye mwenyewe angecheka mpaka kukohoa.

JOËL: Angecheka kweli. Lakini, mama —

MAMA DIEUDONNÉE: Niliisikia hiyo "lakini" tangu mwanzo.

JOËL: Ni fupi. Inaishia juu ya magoti. Mabawa yanafika kwenye kiwiko. Kasuku wako iko na miguu ya korongo! Na fete, ile sikukuu ya shule, ni kesho.

MAMA DIEUDONNÉE: Haiwezekani.

JOËL: Si nilikutumia kamba ya kipimo? Nilimupima mwenyewe! Fundo moja kwa mabega, fundo moja kwa —

MAMA DIEUDONNÉE: Kamba yako ilikuwa ndefu mno. Niliilaza chini nikajiuliza, huyu amepima mutoto ao amepima mlango?

JOËL: Mutoto, mama!

MAMA DIEUDONNÉE: Mutoto gani? Esther-Divine ananifika hapa kiunoni, panapofungiwa kikwembe.

JOËL: Alikuwa anakufika hapo zamani, mama.

MAMA DIEUDONNÉE: Sasa ananifika wapi?

JOËL: Sijui... Kwa bega, nafikiri.

MAMA DIEUDONNÉE: Kwa bega!

[Rezo ya simu inakwaruza.]

JOËL: Haloo? Mama? Uko hapo?

MAMA DIEUDONNÉE: Niko. Nilikuwa naangalia bega yangu.

JOËL: Mama, mutoto analia. Anasema haendi tena. Mama yake iko Wamaza, kwa shamba. Nitapata fundi wa kushona wapi jioni hii?

MAMA DIEUDONNÉE: Na wewe ni wa nini? Uko na wembe?

JOËL: Mimi? Mimi ni mutu wa kuchimba madini!

MAMA DIEUDONNÉE: Basi chimba. Geuza nguo, ndani iwe nje. Kule chini kwenye upindo, unaona uzi mweupe?

JOËL: Ngoja... Naona. Ni mishono mikubwa-mikubwa, kama ya mulevi.

MAMA DIEUDONNÉE: Heshima! Hiyo ni mishono ya kufumuliwa. Kata mmoja, halafu vuta pole.

JOËL: Navuta... Wee! Uzi unakuja wote! Mama, kitambaa kinashuka — Esther-Divine, simama wima! — kinashuka... kimefika kwa kifundo cha mguu! Lakini ulijuaje?

MAMA DIEUDONNÉE: Kukata, nilikata kufuata kamba yako. Kupinda, nilipinda kufuata mutoto ninayemujua.

JOËL: Na mabawa je?

MAMA DIEUDONNÉE: Mabawa ni vilevile. Fumua pole, usitoboe koti ya papa yako.

JOËL: Ameacha kulia. Anazunguka-zunguka.

MAMA DIEUDONNÉE: Namusikia. Anaimba nini?

JOËL: Haimbi. Anafanya kasuku, anarudilia maneno ya watu. Achana naye, mama, tuseme ya —

MAMA DIEUDONNÉE: Nyamaza nisikie. [Sauti ya mutoto inasikika kwa mbali.] "Siendi kwa mama mikono mitupu." Joël. Mutoto anatoa wapi maneno hayo?

JOËL: Watoto... wanasikia hata yasiyowahusu.

MAMA DIEUDONNÉE: Ni kwa ajili hiyo hauji kuniona? Miaka yote hii? Mimi nilikuwa nalaumu barabara!

JOËL: Barabara nayo ni mbaya —

MAMA DIEUDONNÉE: Joël.

JOËL: Shimo halitoi kitu, mama. Ningekuja na nini?

MAMA DIEUDONNÉE: Na hiyo mikono. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Darlène ndiye anakuja kunitungia uzi kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na hajanuna hata mara moja. Sasa wewe ukija mikono imejaa, uzi utanitungia na nini?

JOËL: [anacheka, pua imeziba] Wewe, mama!

MAMA DIEUDONNÉE: Unite za kupigia za Darlène, mutoto wa watu, zinaisha, simu imeanza kulia. Sema neno moja.

JOËL: Basi... shule zikifungwa.

MAMA DIEUDONNÉE: Shule zikifungwa, kunakuwa nini?

JOËL: Tutakuja. Shule zikifungwa tutakuja Kasongo — Esther-Divine! Wee! Rudi hapa!

MAMA DIEUDONNÉE: Kuna nini?

JOËL: Ametoka barabarani na mabawa yake! Anapiga kelele, "Shule zikifungwa tutakuja Kasongo! Shule zikifungwa —" Majirani wanamupigia makofi! Na huyu Bruno naye amesimamisha pikipiki, anasema yeye ndiye atatubeba!

MAMA DIEUDONNÉE: Ni kasuku muzuri sana.

JOËL: Sasa nitageuka namna gani, mama? Salamabila nzima imesikia!

MAMA DIEUDONNÉE: Usigeuke. Haya, mulale salama. Na ile kamba —

JOËL: Kamba gani?

MAMA DIEUDONNÉE: Usinitumie tena kamba. Nitamupima mwenyewe. Asimame hapa karibu, kwa bega yan—

[Simu inakatika.]