Athanasie Mukunde na Unga wa Chuma Uliogoma

Miaka ishirini na tisa siyo mchezo, wenzangu. Athanasie Mukunde aliingia kiwandani kwetu hapa Kagarama mwaka 1996, na leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, anastaafu. Mimi ni Évode Nkusi, fundi wa kuchomelea, fundi kweli. Winifred wa ofisi ya wafanyakazi aliniambia, "Mzee, andika nusu ukurasa tu. Sema alikuwa msafi na mwenye heshima, inatosha." Haitoshi. Nimeandika ninavyojua mimi, na karatasi nimeipeleka mwenyewe kwa mchapaji wangu kule Nyakabanda.

Alianza kwenye kuosha chupa. Mwaka 2004 wakamhamishia nyuma, kwenye tangi la bayogesi, mahali ambapo wengine walipita wakiziba pua. Kwa asiyejua: juisi na mvinyo wa ndizi huacha majitaka yenye sukari. Yanaingia tangini, vijidudu visivyoonekana vinakula ile sukari, gesi inatoka, nayo inawasha boila. Tangi hilo nililichomelea mimi. Halijavuja hata tone, muulizeni yeyote. Athanasie alikuwa akilisalimia kila asubuhi kama mtu. Siku moja akalipiga kofi ubavuni, akasema, "Leo tumbo lako limejaa kuliko la mkurugenzi!" Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake. Hata yeye alicheka.

Miaka miwili iliyopita injinia Sangwa akaleta unga wa chuma. Chembe zake ni ndogo mno, wanaziita nano. Zikitawanyika vizuri, vile vijidudu vinapata nguvu na gesi inaongezeka. Sangwa akaumwaga ukiwa mkavu, moja kwa moja kwenye majitaka ya moto. Wiki tatu, mita ya gesi iko palepale. Nikafungua kifuniko cha chini, nikakuta mabonge meusi.

Athanasie akachungulia. "Huu ni uji ulioharibika," akasema.

"Mama, hii ni sayansi, siyo uji," Sangwa akamjibu.

"Mwanangu, wewe uji umekoroga lini?"

Akachukua ndoo ya maji baridi. Akatia unga kidogo kidogo, anakoroga kwa mwiko bila kupumzika, nusu saa nzima, ndipo akaumimina taratibu. Akafanya hivyo kila asubuhi. Kabla ya hapo gesi yetu iliwasha boila saa tatu kwa siku. Mwezi haujaisha, ikawasha saa tano. Sangwa mwenyewe aliandika namba hizo daftarini huku anatikisa kichwa.

Sasa hasira yangu iko hapa. Ripoti ikatoka. Nimesomewa yote, maana mimi na herufi ndogo hatupatani. Imeandikwa kwamba "timu iliboresha uchanganyaji." Timu gani? Timu ilikuwa mwanamke mmoja mwenye ndoo! Nikamfuata Sangwa. Akanijibu, "Mzee Évode, kwenye ripoti hatuweki majina ya wahudumu." Wahudumu! Mtu ameokoa unga wako na jina lako, halafu unamwita mhudumu?

Athanasie hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu. Binti yake Ariane anasoma kemia. Siku atakapokutana na habari za unga huu, atajuaje kwamba ni kazi ya mama yake?

Wiki iliyopita ofisi ikanipa kazi: ubao wa chuma wa kuweka kwenye tangi, wenye majina manne ya waliofanikisha mradi. Yote manne ni ya watu wenye viti vya kuzunguka. Mkurugenzi ataufunua leo, mkimaliza kusoma hapa. Herufi nimezikata mimi, maana hapa kiwandani hakuna mwingine wa kuzikata zikanyooka. Mtahesabu majina matano. La kwanza ni Athanasie Mukunde. Skrubu sikutumia, nimeuchomelea pande zote nne tangi likiwa tupu kwa ajili ya kusafishwa. Sasa limejaa. Anayetaka kuubandua aje na moto wake, ila akumbuke kuna gesi ndani.

Athanasie, asante kwa miaka yote hiyo. Nenda ukalale mpaka jua liingie dirishani, ule vizuri, uwe na afya, harufu ya tangi utuachie sisi. Na Ariane akija, getini aseme anakuja kwangu.