Diski ya Nje ya Athanas

Benchi letu hapa Mwakitolyo ni ubao uliotolewa kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, baada ya duara lenyewe kuishiwa. Liko mbele ya kibanda cha Athanas, anayeingiza nyimbo na filamu kwenye simu za watu. Kioo cha kompyuta yake kinatazama barabarani, kwa hiyo anayekaa pale hunywa kahawa ya Mama George huku akiangalia filamu isiyo na sauti. Asubuhi ile hapakuwa na filamu. Kulikuwa na mstari wa kijani uliokuwa ukitambaa polepole kwenye kioo, na mstari huo ulikuwa wangu.

Niliacha shule kidato cha pili, baba alipoumia mgongo, na sasa nafua nguo za wachimbaji. Rafiki yangu Aneth aliendelea. Kila Jumamosi niliazima madaftari yake nikayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, ili siku moja nifanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Zilifika picha mia sita na kumi na mbili. Aneth alipomaliza shule akahamia Katoro, na mama yake akayauza madaftari yote kwa wauza karanga. Zikabaki picha zangu tu, na betri ya simu yangu imevimba mpaka mfuniko haufungi.

Athanas alikubali kuzinakili kwenye diski yake. Tatizo likawa tundu la waya. Limelegea, waya ukiachiwa tu, simu inakata. Ndipo Ndaki, mchimbaji tunayemwita Kijiko kwa sababu viganja vyake vinafanana na lile gari la kuchotea udongo, akaweka kidole gumba juu ya waya na kusema ataushika.

Athanas: Usitikisike, Kijiko. Ukipiga chafya tunaanza upya.

Kijiko: Mimi nakaza nguzo chini kwenye giza, nitashindwa na kawaya?

Athanas: Nguzo hazina notsi za Baiolojia.

Akaja Mzee Marudio. Jina lake ni Ngusa. Ananunua mchanga uliokwisha kuoshwa, anauosha tena na kupata dhahabu iliyowapita wenzake. Mchanga huo unaitwa marudio, na yeye mwenyewe husema kila jambo mara mbili.

Mimi: Shikamoo, Mzee.

Mzee Marudio: Marahaba, Hosiana. Marahaba. Hicho kidude cheusi ni nini? Nauliza, ni nini?

Athanas: Si kimeandikwa hapo, Mzee.

Alikuwa amebandika karatasi juu yake: DISKI YA NJE.

Mzee Marudio: Ya nje ya wapi? Uchina?

Athanas: Ya nje ya kompyuta.

Mzee Marudio: Lakini iko ndani ya kibanda.

Athanas: Mke wangu naye aliisoma hivyohivyo. Alikuja kufagia, akaona ni ya nje, akaitoa akaiweka barazani. Niliporudi nikakuta kuku ameilalia.

Mama George: Alitotoa filamu ngapi?

Athanas: Cheka tu, mama. Humo kuna harusi za watu.

Mama George: Sicheki. Mimi nimeielewa. Hiyo ni kama mtoto wa nje. Kila mtu anajua yupo, hakuna anayemuulizia, mpaka siku nyumba imeungua ndio wanamtafuta.

Mstari wa kijani ulikuwa umefika robo. Picha zilipita moja moja kwenye kioo, ndogo kama vocha. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nilipozipiga. Katika kila picha kulikuwa na kidole changu, pembeni, kikibana ukurasa. Mwanzoni kilikuwa na hina ya sikukuu. Baadaye kikawa na wino. Halafu kikaanza kukunjamana kwa sabuni, picha baada ya picha, kama cha mtu anayezeeka akiwa amekaa palepale.

Kijiko: Mimi nina swali. Zikishaingia huko, kwenye simu zinabaki?

Athanas: Zinabaki. Tunakopi, hatuhamishi.

Kijiko: Haiwezekani. Kitu kimoja hakikai mahali pawili. Dhahabu ikiwa mfukoni mwako, mwangu haimo. Hilo nimelifanyia utafiti miaka tisa.

Mama George: Na majibu ya utafiti yako kwenye hizo ndala.

Kijiko: Mama George, niache. Nasema hivi, simu ipimwe kwenye mzani wa dhahabu, kabla na baada. Tutaona imepungua.

Mzee Marudio: Haipungui. Nakwambia haipungui. Mchanga ukishaoshwa mara ya kwanza, watu wanasema hamna kitu. Mimi nauosha, nakuta. Nauosha tena, nakuta. Kitu kilichowahi kukaa mahali hakiondoki chote. Hata picha aliyoifuta mtu, imo. Imejificha kwenye marudio.

Athanas: Hapo Mzee umesema kweli kidogo. Kuna mafundi wanazirudisha zilizofutwa.

Athanas angejua matokeo ya kumwambia Mzee kwamba amesema kweli, angenyamaza. Mzee alikunywa kahawa, akafumba macho, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayeongea na ng'ombe usiku ili wasishtuke.

Mzee Marudio: Basi na kioo cha kujitazamia kinatunza. Na ukuta. Na lile duara tulilolifukia, sura za wote walioshuka mle zimo. Dhahabu yenyewe ni nini? Jua lilipiga picha zake zamani, likaziweka chini ya mawe zisipotee. Sisi tunaiba faili za jua.

Mama George: Ndiyo maana linatuchoma hivi.

Kijiko: Kwa hiyo dunia yote ni diski ya nje.

Mzee Marudio: Ya nje kabisa. Kabisa.

Pikipiki ilipita na viroba vya mawe, vumbi likapanda, na kupitia vumbi ule mstari wa kijani ulionekana kama shamba la mpunga unalolitazama kutoka mbali. Nilihisi usingizi mzuri, ule wa darasani mchana, mwalimu anapoandika ubaoni na chaki inaimba. Nikajikuta nimesema.

Mimi: Labda na kulala ni hivyo. Mtu akilala, kichwa kinakopiwa mahali. Ndiyo maana ndoto zinakuja vipandevipande. Ni picha zinapita.

Kijiko: Kwa hiyo wanaokoroma waya wao umelegea.

Mama George: Baba George basi hana hata waya.

Kijiko: Na mtu asipoamka?

Mimi: Ameshamaliza kukopiwa.

Mzee Marudio aliweka kikombe chini.

Mzee Marudio: Ng'wanawane, wewe ulipaswa kuwa shule.

Aliniita mwanangu kwa Kisukuma, na hilo alilisema mara moja tu. Nikatazama kioo. Mstari ulikuwa umebakiza upana wa ukucha.

Wenzake Kijiko walipita na kofia zao, wakamwita. Zamu ya kushuka ilikuwa imefika. Aliwaambia watangulie. Wakamuuliza anafanya nini. Akasema anasoma Baiolojia. Walicheka mpaka kona, na yeye hakuinua kidole.

Ndipo simu ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayeng'ata karanga mbovu. Mfuniko ukachomoka. Kioo cha simu kikawa cheusi.

Kijiko: Sijatikisika. Athanas, shahidi ni wewe, sijatikisika.

Athanas: Si wewe. Ni betri. Iache, ina moto.

Tuliiweka chini kwenye mchanga. Ilipopoa Athanas alijaribu kuiwasha kwa betri nyingine, akajaribu waya mwingine, akajaribu mara nne. Haikuwaka. Akafungua folda na kuhesabu zilizoingia. Mia tano tisini na saba.

Athanas: Zimebaki kumi na tano tu, Hosiana. Si haba.

Kijiko: Zilizoingia zimeingia?

Athanas: Zimeingia.

Wakati huohuo alishuka kwenye bodaboda mama mmoja anayeleta vitenge kutoka Shinyanga mjini, jina lake Paskazia. Alitaka kuingiziwa nyimbo za kwaya. Alituona tumeizunguka simu iliyolala chini, akadhani kuna mtu amepoteza mtu.

Paskazia: Hamjambo? Mbona hivi?

Mama George alimweleza yote: madaftari, karanga, betri, kidole cha Kijiko. Paskazia alisikiliza, mkoba wake ukiwa bado begani.

Paskazia: Pole, binti. Sasa hizo kumi na tano zilikuwa zinasema nini?

Athanas alimtazama Kijiko. Kijiko alimtazama Mzee. Halafu wote wakanitazama mimi.

Nilizipiga kwa mpangilio, kwa hiyo nilijua ni zile za mwisho. Nilikumbuka Jumamosi yenyewe, mvua ilinyesha na Aneth alikuwa na haraka. Nilikumbuka kidole changu kilikuwa na plasta. Lakini zilichosema sikukijua. Sikujua hata ni somo gani. Nilizipiga ili nizisome baadaye, na zile nyingine zote, mia tano tisini na saba, nilizipiga hivyohivyo.

Paskazia akaushusha mkoba wake, akakaa kwenye benchi. Mama George aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoka tone moja na machicha. Akaanza kukusanya vikombe.

Niliingia kibandani, nikageuza ndoo nikaikalia mbele ya kioo. Nikamwomba Athanas kalamu, na karatasi yoyote, na anifungulie picha ya kwanza. Ilikuwa imelala upande. Ikabidi niinamishe shingo.

Kijiko alikuwa bado kwenye benchi, akisugua kidole chenye alama ya waya. Kundi lake lilikuwa limeshashuka.

Kijiko: Soma kwa sauti, hata kama ni Kiingereza.