Neno la Siri la Kompyuta ya Kanisa

Benchi la Uwamariya muuza kahawa, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lina miguu mitatu na jiwe. Mimi ni Natanaeli, wananiita Papa Kadi, maana miaka saba nimewajazia watu nyimbo za kwaya kwenye kadi za simu. Mwenzangu wa benchi, Muhire, tunamwita Redio. Jonan, dereva wa boda kutoka mjini Mbarara, ni Afande, ingawa jeshini alikuwa mpishi tu. Tulikuwa tunamsema Aurore, binti wa kwaya yetu. Tulivyojua, siku ya pili hiyo kompyuta ya kanisa ilikuwa inamjengea seva, ya kurushia simu za jirani nyimbo bila bando. Wenzake hupakua programu iliyo tayari. Yeye kachukua msimbo wenyewe, eti aujenge tangu mwanzo. Nilimwonea wivu, sifichi.

— Jana nimechungulia dirishani, — akasema Redio. — Maandishi inakimbia tu, haina mwisho. Ile ni majina ya batu benye bataenda Amerika.

— Wapi! Hiyo kitu inasikiliza simu zetu, — akasema Afande. — Jana bibi yangu nyumbani amejua nilikuwa kwa mabaa ya Nyamityobora. Nani amemwambia?

— Na ng'ombe ya pasta imepunguza maziwa, — akaongeza Redio.

Uwamariya akacheka.

— Papa Kadi, weye ndiye fundi. Iko inafanya nini?

— Bule, hakuna kitu! Ikimaliza kujenga, kuisimika inaomba neno ya siri. Ile neno niliiweka miye. Atakuja hapa kunibembeleza.

Aurore akaja kweli. Nikanyoosha kola.

— Bonjour, ba papa. Papa Kadi, naomba neno ya siri ya kompyuta.

— Ehee! Leo unanijua? Rudi kesho.

— Si kitu, Papa. Pasta alisema nikuombe kwanza, usijisikie mubaya. Seva nimeisimika mu folda yangu, fasi ile haiombi ruhusa ya mutu. Tangu asubuhi inatumika.

Redio alikuwa ameshatoa simu. Afande naye, yule yule aliyedai simu zinasikilizwa! Wakamzunguka wakitaka kuonyeshwa pa kubonyeza.

— Ila haina wimbo hata moja, — Aurore akaniambia. — Nyimbo ya kwaya yetu yote ni weye uliichunga. Tutie gani ya kwanza?

Kadi yenye nyimbo zote ilikuwa mfukoni, nimeishika. Nikaiachia, nikamnyooshea Uwamariya kikombe.

— Kahawa imeisha, Papa Kadi, — akasema. — Mujibu mutoto.