Kinga ya Rola ya Tatu

Sogeeni, wanangu, mfunge na dirisha, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima na sitaki kuigombania na honi za barabarani. Wewe kifungua mimba wangu, keti. Ukisimama hapo mlangoni naona kama unataka kukimbia.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka naye atakapoitwa, kisha ni yenu wawili sawasawa, asije mtu akajidai mwanamume. Hilo jepesi. Zito ni shauri la Chiriku, ambalo ofisi ya kazi italisikiliza Jumatatu, nami hiyo Jumatatu sidhani kama nitaiona.

Chiriku alikuwa chini yangu pale kiwandani, tulipokuwa tukifua mashuka ya hoteli, nasi tulimpa jina hilo kwa mdomo wake usiotulia. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye rola ya tatu ya kunyooshea, rola ya moto, ambayo mbele yake palikuwa na kinga ya chuma. Mkono ukiigusa tu, mashine inasimama. Siku moja meneja akaniambia, "Mzee, kinga hiyo inatuchelewesha, itoe." Nikachukua spana, nikaitoa kwa mikono hii. Chiriku akaniuliza, "Bosi, na vidole vyangu je?" Nikamjibu, "Uwe unavihesabu kila jioni." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Wiki ya pili yake rola ikamshika mkono wa kulia.

Gari lilikuwa halijafika hospitali, meneja keshaniwekea daftari la ajali mbele yangu, nami nikaandika: uzembe wake mwenyewe. Kinga ikarudishwa mchana uleule, mkaguzi akaikuta inang'aa. Chiriku akaachishwa kazi bila fidia, na hata mshahara wa mwezi ule ukakatwa siku alizolazwa. Mimi nikapandishwa cheo. Chumba hiki nilikiezeka kwa nyongeza ile, ndiyo maana nalala nikiitazama dari kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta anahangaika kumenya viazi kwa mkono wa kushoto. Akaniambia, "Nimekusamehe, mzee. Lakini msamaha wangu hausomwi ofisi ya kazi." Nikarudi nyumbani, nikanyamaza mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humwumbua, wanangu, tazameni ninavyoumbuka.

Hofu yako naijua, mwanangu. Kiti changu pale kiwandani umekikalia wewe, una watoto wadogo, na jana ulininong'oneza, "Baba, ukisema, kesho mimi niko nje." Huenda ikawa kweli. Sheria inakataza mtu kufukuzwa kwa kutoa ushahidi, lakini sheria haitaamka alfajiri ikusindikize getini, na mimi naogopa kwa ajili yako, sikufichi. Ila nijibu hili: leo rola ya tatu ina kinga? Usiitazame sakafu. Haina. Basi kuna mwana wa mtu analisha mashuka pale sasa hivi, tunavyoongea, na aliye juu yake ni wewe.

Karatasi hiyo mezani dada yako kaiandika nilivyomtamkia asubuhi. Karani wa ofisi ya kazi alisema wataipokea nikiweka dole gumba mbele ya mashahidi wawili watakaotia sahihi, nao ndio ninyi. Leteni huo wino. Nishike mkono, binti yangu... hapo. Imekolea? Haya.

Mnizike bila makuu. Chiriku akija msibani, mpeni kiti, asisimame. Mama yenu msimwache alale peke yake siku za mwanzo. Na radhi yangu mnayo nyote wawili, haina masharti. Hata usipotia sahihi, mwanangu, nakuachia radhi, sitaki ukubali kwa kuogopa laana ya maiti. Mungu awape riziki mtakayoila bila kuinamisha uso... awape... nipeni maji kidogo.

Macho yameniingia giza. Kalamu ya dada yako nimeisikia. Sasa... sikulazimishi, baba. Kiti kimelia. Umeinuka? Unakwenda wapi... usitoke, mwanangu... usi...

Ah. Uko mezani.

Andika jina lote, baba. Lote... lisomeke.